Kindu: Kabla ya kununua bakteria wa mboga, tuangalie mizizi ya kunde

Kwa wakaaji wengi wa Kindu, mikrobe ni jina la ugonjwa. Jimbo la Maniema limejua kipindupindu mara nyingi, kwa hiyo mama wa bustani huko Alunguli akiambiwa kuna bakteria wanaokuza mboga, ana haki ya kucheka kwanza. Lakini jambo ni la kweli, na wenye kusaidia wakulima wangefanya vizuri kulishika kabla ya kuleta mifuko mingine ya urea.

Urea haitengenezwi Maniema. Inapaswa kuja kwa ndege, kwa reli ya Kalemie na Lubumbashi, au kwa barabara ambazo mvua inazikata. Kila kilometa inaongeza bei, na mwishowe anayelipa ni yule anayeuza lengalenga kwa mafungu sokoni. Wakati huohuo, asilimia 78 ya hewa iliyo juu ya bustani yake ni azoti, chakula kilekile kinachotafutwa ndani ya urea. Mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Kuna bakteria wanaoweza kuigeuza.

Wanaojulikana zaidi ni rizobiumu, wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya kunde, karanga, soya na maharagi. Brazili inalima soya yake karibu yote kwa nguvu ya bakteria hao, bila kutegemea mbolea ya azoti. Karibu na sisi, mradi N2Africa, ulioanza mwaka 2009, ulifanya kazi hiyo na wakulima wa Kivu ya Kusini.

Shida ni kwamba lengalenga na sombe hazina vinundu hivyo. Wapo bakteria wengine, kama azospirilumu na basilusi, wanaokaa kandokando ya mizizi na kuisaidia kutanuka, lakini matokeo yao hubadilika sana toka shamba moja hadi lingine. Anayeuza chupa na kuahidi mavuno mara mbili anauza maneno. Tena rizobiumu ni kiumbe hai: pakiti ikikaa juani au katika depo yenye joto, anakufa, na kwa macho unga wenye bakteria waliokufa hautofautiani na ulio mzima. Katika mji ambamo umeme ni bahati, ni nani atakayelinda friji?

Ndiyo maana Kindu ingeanza na kunde. Yenyewe ni mboga ya majani. Majani yake machanga yanapikwa na mawese kama matembele. Tena kunde haichagui sana, mara nyingi bakteria wake wako tayari udongoni. Mkulima anaweza kupima bila laboratwari: kunde ikikaribia kutoa maua, aichimbue taratibu, aoshe mizizi, apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi. Akikosa vinundu kabisa, hapo ndipo pakiti inaweza kuwa na maana.

Baada ya kuvuna, mizizi na mabua yabaki shambani bila kuchomwa, kisha lengalenga ipandwe palepale. Anayebeba majani yote na mabua yote hadi nyumbani hajaacha azoti ya maana.

Kuna pia udongo wenyewe. Sehemu nyingi za Maniema ni mwekundu, umeoshwa na mvua, wenye asidi na fosforo kidogo, na humo rizobiumu anateseka. Majivu ya jikoni na mboji vinampunguzia taabu. Hakuna mradi unaopenda kupigwa picha na ndoo ya majivu, pengine ndiyo sababu hayatajwi sana kwenye semina.

Universite ya Kindu ingeweza kutuma wanafunzi wake kuhesabu vinundu katika bustani za Kasuku, Mikelenge na Alunguli kabla mtu hajatoa dola hata moja kununua pakiti. Wanahitaji jembe, ndoo ya maji, daftari na msimu mmoja wa mvua.