Ugonjwa Uliodhaniwa Dansi

Bila shaka mmekwisha kuwaona vijana wenye fulana nyeusi yenye mistari myeupe, iliyopandana kama safu za vilima. Wengi waivaao hawajui ilikotoka. Mchoro ule ni jalada la santuri ya Kiingereza iitwayo Unknown Pleasures, santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya Joy Division, iliyotoka tarehe 15 Juni 1979. Mistari yenyewe ni mapigo ya redio ya nyota ya mbali sana, iliyogunduliwa na Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, mwaka 1967.

Bendi ilikuwa ya vijana wanne wa Manchester na miji ya jirani. Mwimbaji wao aliitwa Ian Curtis, mtu mwenye mke. Usiku aliimba, mchana alikuwa karani katika ofisi ya serikali ya kuwatafutia watu kazi mjini Macclesfield, akiwashughulikia hasa wenye ulemavu. (Sisi makarani twajua jambo hili: mara nyingi huiona karatasi kabla hujamwona mtu aliyeileta.) Basi akaja msichana mwenye kifafa, anatafuta kazi. Akaja tena na tena, naye huanguka. Kisha akaacha kuja. Curtis alidhani amepata kazi, kumbe amefariki kwa ugonjwa ule ule. Habari ya msichana huyo ndiyo wimbo unaofungua upande wa pili wa santuri.

Hata Desemba 1978, bendi ikirudi kutoka London kwa motokaa, Curtis mwenyewe akashikwa. Mwezi uliofuata madaktari wakathibitisha: kifafa. Aprili 1979 wakaingia studio ya Strawberry, mjini Stockport, kurekodi.

Aliyesimamia kazi alikuwa Martin Hannett, mtu mgumu kweli. Alimwamuru mpiga ngoma azifungue ngoma zake, kila moja ipigwe peke yake. Akatia sauti ya lifti na ya kioo kinachovunjika, na wimbo mmoja akamwimbisha Curtis kwa kupitia waya wa simu. Wapiga magitaa hawakupendezwa, maana wao walitaka kishindo kama cha jukwaani. Mimi naona Hannett alikuwa na haki. Santuri yasikika kama mtu aliyebaki peke yake katika nyumba kubwa tupu, na kila neno lafika.

Lafika, lakini nani alilisikiliza? Wenzake wamesema wazi baadaye kwamba hawakuyatia maanani maneno yake; kila mmoja aliangalia chombo chake. Tena jukwaani Curtis alicheza kwa kurusha mikono kama mtu anayeshikwa, na mara nyingine alishikwa kweli, watu wakitazama wasijue kama ni dansi au ni ugonjwa. Alishauriwa alale mapema na kuepuka pombe. Ni bendi gani ilalayo mapema? Dawa za wakati ule nazo zilikuwa nzito, zikamgeuza moyo. Binti yake alizaliwa Aprili ile ile ya kurekodi, na ndoa nayo ikaingia taabu.

Angalieni, huyu hakuwa mtu wa kijiji kisicho na zahanati, wala hakufichwa chumba cha nyuma kama tunavyofanya sisi na wagonjwa wa kifafa. Alikuwa na daktari, na dawa, na marafiki waliompenda, nao walimwona kila siku. Tarehe 18 Mei 1980, kesho yake ikiwa safari ya Marekani, alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Wale watatu waliendelea pamoja, lakini kwa jina lingine, New Order, kwa kuwa walikuwa wamekubaliana kwamba mmoja akiondoka, jina la kwanza lisitumike tena.