Friza mbovu ya jirani ndiyo itaokoa kaluvu yetu

Wacha niseme kitu ambacho wengine hawatapenda: kinachoharibu kaluvu siku hizi si vijana, wala si sukari ya dukani iliyochukua nafasi ya asali. Ni joto. Na dawa yake iko nyuma ya maduka pale Wote, Mwingi, Kitui mjini: friza kubwa ya kulala, iliyokufa, sasa imegeuzwa kiti cha watu wa kupiga stori.

Nisikilizeni. Tunda la muratina linachemshwa, linaanikwa, halafu linatiwa kwenye maji ya asali au sukari. Chachu inaishi kwenye nyuzi zake, ndiyo maana tunda moja linatumika tena na tena. Na chachu ni kiumbe hai. Ikipata baridi, inalala. Ikipata joto kali inakimbia kazi kama imefukuzwa, na hapo ndipo unapata ile ladha ya kuwasha koo na kichwa kinachogonga asubuhi. Tena ikila sukari, yenyewe inatoa joto, kwa hivyo ndani ya dramu kuna joto kuliko chumbani.

Wazee wetu walijua haya bila kipimajoto. Kibuyu kiliwekwa karibu na moto, kikasogezwa, kikafunikwa. Huo ndio udhibiti wa joto, hata kama hakukuwa na waya. Lakini sisi tunapika chini ya mabati. Nenda Mutomo au Kibwezi mwezi wa pili, saa nane mchana: nyumba ni oveni. Nenda Mbooni mwezi wa saba usiku: dramu imenuna, haitoi hata povu. Ndiyo maana mama yule yule, na sukari ile ile, wiki hii anatoa kaluvu tamu, wiki ijayo kitu cha kukunja uso.

Sasa friza. Kuta zake zimejazwa povu la kuzuia joto, liingie au litoke. Hata kama kompresa imekufa, weka dramu ndani, mchana tia chupa mbili za maji yaliyogandishwa, usiku wa baridi chupa za maji moto, funga. Kama kompresa bado iko hai, fundi wa friji atakuwekea themostati ya nje. Kile kidude chake cha kupima joto kibandike ubavuni mwa dramu, si hewani. Ikifika kiwango ulichoweka, inakata stima yenyewe. Chachu ya bia ya kununua nyingi hupenda nyuzi 18 hadi 22. Kwa muratina, ambayo imezoea kukaa karibu na moto, mimi ningeanza na 25 na nisiguse 30.

Mambo mawili, na hapa sitanii. Ng'oa kufuli, kwa sababu watoto hucheza mle. Na gesi ya chachu ni nzito, inatuama chini. Fungua kifuniko usubiri kabla ya kuinamisha kichwa ndani.

Mtaniuliza, yote hii ya nini? Mei 2014 watu wetu walikufa, Kitui, Makueni, Embu, Kiambu, Murang'a. Kilichowaua ni methanoli iliyotiwa kwenye vileo vya bei rahisi, si chachu wala muratina. Lakini kila msiba kama huo ukitokea, dramu ya mama inamwagwa pamoja na sumu ya tapeli, na hakuna anayeuliza tofauti. Tofauti tutaionyesha aje, kama hata sisi hatujui kesho itatoka vipi? Sheria ya 2010 inataka leseni kwa anayeuza. Sawa. Lakini leseni ya kitu kinachobadilika kila wiki utaiombaje? Na mpishi ambaye dramu yake imelala huku wateja wako mlangoni, huyo ndiye anayeshawishika kuongeza vitu.

Eti friza itaua utamaduni. Jameni, tulitoka kibuyu tukaenda dramu ya plastiki na hakuna aliyelia. Utamaduni ni ladha, ni subira, ni kujua unampa mgeni nini.

Kwa hivyo ukiona jirani ana friza iliyokufa, mwahi kabla watu wa skrapu hawajafika.