USHUHUDA SI MASHINDANO

Nashika kalamu nikijua kwamba baadhi ya wenzangu wa kikundi cha vijana kanisani watanuna. Wanune tu.

Likizo ya Agosti iliyopita tulikwenda ritriti ya siku moja. Tulifika saa mbili unusu asubuhi, tukanywa chai kwa mandazi (yalikuwa baridi, lakini njaa haina macho), kisha tukaketi chini ya mwembe, watu wanane wanane. Kiongozi akasema kila mmoja asimulie safari yake ya imani. Jambo zuri hilo, sina ugomvi nalo.

Wa kwanza alisema aliwahi kuvuta bangi na kuiba simu. Tukapiga makofi, wengine wakatokwa na machozi. Wa pili alikuwa na mambo mazito zaidi, makofi yakazidi. Wa tatu, msichana mmoja mpole, alisema alilelewa kanisani, akapenda nyimbo za Sunday School na bado huomba kila jioni kabla ya kulala. Kimya! Kiongozi akasema, "Asante, haya, anayefuata."

Anayefuata nilikuwa mimi. Nisiwafiche, safari yangu ni kama ya msichana yule. Lakini niliona haya kupita vile bila kofi hata moja. Hamadi! Nikajisikia nikisema ati niliwahi kunywa chang'aa na kumwibia mama pesa za kodi ya nyumba. Makofi yalilia hadi kuku waliokuwa jikoni wakatimua mbio.

Kumbe habari hushinda matatu kwa kasi. Jumapili iliyofuata mama alipewa pole na jirani. Hakunichapa. Aliniuliza tu, "Pesa zipi?" Afadhali angenichapa.

Nyanya yangu aliokoka miaka ya 1970 katika ushirika wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulishika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama hadharani na kurudisha walivyoiba. Nilipomweleza kisa changu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mjukuu wangu," akasema, "sisi tuliungama tuliyoyafanya. Aliyeiba kijiko alisema kijiko, hakusema ng'ombe."

Naye mwalimu wetu wa dini alitufundisha juu ya Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi iitwayo Algeria siku hizi. Yapata mwaka 400 aliandika maungamo yake. Mle anasimulia kwa kirefu jinsi yeye na wenzake walivyoiba mapeasi usiku, wakawatupia nguruwe. Alikuwa na miaka 16, umri wangu huu! Mtu mkubwa vile hakuona haya kuandika juu ya mapeasi.

Najua mtaniambia kuwa ushuhuda wa aliyeacha bangi humsaidia anayevuta bangi. Kweli kabisa, na yule kijana wa kwanza namheshimu. Hata hivyo, yule msichana je? Tangu siku ile sijamwona kwenye mikutano yetu. Sisi wenye makofi tulimfunza nini?

Maoni yangu ni kwamba makofi yaachwe kabisa, kila mtu asikilizwe sawa. Asiye tayari kusema aruhusiwe kunyamaza bila kutazamwa kama mwizi. Kiongozi mwenyewe aanze, tena aanze na siku zake za kawaida. Na yasemwayo chini ya mwembe yabaki chini ya mwembe, ingawa hili la mwisho labda nalisema kwa sababu ya kidonda changu.

Ritriti nyingine ni Desemba. Nimekwisha mwomba kiongozi nisimame wa kwanza, na msichana yule nimemtumia ujumbe kupitia kwa dada yake. Mama amesema nauli atanipa, ila anataka kuja naye.