Kupe Haombwi Kutoka

Imeenea imani, kwa wafugaji na kwa watu wa mjini wanaokwenda kutembea porini, kwamba kupe aliyenasa kwenye ngozi ya mtu asivutwe. Akivutwa, husemwa, kichwa kitabaki ndani. Heri alazimishwe kutoka mwenyewe kwa njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, kwa tone la mafuta ya taa, au kwa kupakwa mafuta ya mgando mpaka akose pumzi. Imani hii inadhuru na haina budi kuachwa.

Kosa lake ni kudhani kwamba kupe anaweza kuachia upesi akisumbuliwa. Mdomo wake una miiba iliyoelekea nyuma, na kupe wengi wa jamii ya magamba magumu hutoa ute unaoganda kama saruji kuuzunguka mdomo huo, maana wamekuja kunyonya kwa siku kadhaa. Kumziba pumzi nako ni kazi bure: akitulia hupumua mara chache tu kwa saa, hivyo anaweza kukaa chini ya mafuta muda mrefu huku bado ameng'ang'ania. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Glen Needham, alichapisha katika jarida la Pediatrics majaribio ya mafuta ya mgando, rangi ya kucha, spiriti na njiti ya moto. Hakuna hata kimoja kilichomfanya kupe ajing'oe. Na wakati wote huo wa kusubiri mate yake yanaingia mwilini, nayo ndiyo yanayobeba vimelea. Anayemsubiri kupe atoke kwa hiari anamwongezea muda wa kuambukiza, na anayemchoma anaunguza ngozi yake mwenyewe bila faida.

Watajibu wengine kwamba wazee walichoma kupe, kupe akaanguka, na hakuna aliyekufa. Lakini kupe aliyeshiba huanguka mwenyewe, achomwe asichomwe. Moto umesifiwa kwa kazi isiyo yake. Kwamba wengi hawakuugua si ajabu pia, kwani si kila kupe ana vimelea. Hoja ya kichwa kubaki ndiyo yenye uzito kidogo, kwa sababu mdomo huweza kweli kukatika. Hata hivyo kinachobaki ni vipande vya mdomo tu, na ngozi huvisukuma nje kadiri inavyopona. Kuvichokonoa kwa sindano ndiko kunakoleta kidonda kibaya.

Basi avutwe, tena mara tu anapoonekana. Ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe kwenda juu kwa nguvu ya taratibu isiyokatika, bila kuzungushwa na bila kubinywa tumbo. Kisha paoshwe kwa sabuni na maji. Pasipo kibano, vidole vilivyofunikwa kwa mfuko wa nailoni vinatosha. Nasisitiza vidole vifunikwe, kwa kuwa desturi ya kupasua kupe wa ng'ombe kwa kucha ni ya hatari: homa ya Crimea na Kongo, ambayo kirusi chake kilipatikana kwa mgonjwa huko Kisangani mwaka 1956, huweza kumwingia mtu kwa njia hiyo hiyo. Josho kwa mifugo, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na kujikagua kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio kila jioni hupunguza haja ya kibano chenyewe.

Aliyeng'oa kupe akumbuke tarehe. Homa ikimpata ndani ya wiki mbili, hasa ikiwa pameota gaga jeusi palipoumwa, asikimbilie dawa za malaria kwa mazoea. Homa ya kupe hutibika kwa doksisaiklini, ila mganga hawezi kuifikiria kama hakuambiwa kwamba kulikuwa na kupe.