Mgeni Njoo: Dereva wa Lori na Mji wa Kabale

Dereva wa lori huiona miji mingi, lakini huijua michache. Atokapo bandarini Mombasa na shehena ya Kigali, husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla hajafika Kampala, na kila mji uliomo njiani huwa kwake ni mizani, kituo cha mafuta, kizuizi cha polisi na sahani ya chakula. Mji wa Kabale, ulioko kusini-magharibi mwa Uganda, ni mmoja katika miji hiyo ipitwayo kwa haraka. Nao ni katika ile inayostahili kabisa dereva azime injini na kushuka.

Barabara itokayo Kampala hukata mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha hupita Masaka, Lyantonde na Mbarara, katika nchi ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Baada ya Ntungamo ardhi huzidi kuinuka. Gia hubadilishwa mara kwa mara, utingo huacha kusinzia, na vilima hukaribiana pande zote mbili. Baada ya mwendo wa kilomita 400 na ushei kutoka Kampala, mji hutokea bondeni, katika kimo cha karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jua linapotua, dereva aliyetoka pwani na fulana moja hulazimika kulitafuta koti.

Huko ndiko kwao Wakiga, wakulima wanaojulikana kwa kulima vilima mpaka kileleni. Mashamba yao yamekatwa kwa matuta, moja juu ya jingine kama ngazi, ili mvua isiuchukue udongo. Asubuhi ukungu hulala bondeni, na uondokapo, sokoni huonekana viazi ulaya, kabichi, karoti, maharage na mtama. Mtama huo ndio utengenezao bushera, kinywaji kizito kinachoburudisha na kushibisha. Ni vema mgeni aulize kabla ya kupokea kibuyu, kwa maana iko bushera tamu inywewayo hata na watoto, na iko pombe ya mtama iliyochachuka, ambayo haimfai mtu aliyekabidhiwa usukani.

Mwendo wa kilomita nane hivi kutoka mjini liko ziwa Bunyonyi, na maana ya jina lake ni mahali pa ndege wengi wadogo. Ndani yake mna visiwa 29, na watu huvukishwa kwa mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja. Mamba na viboko hawamo. Katika kisiwa cha Bwama, daktari mmisionari Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma katika miaka ya 1930, zama ambazo wagonjwa hao walikimbiwa hata na jamaa zao. Siku hizi watoto huenda kisiwani humo kusoma. Dereva anayengoja hati zake za forodha aweza kuliacha lori mahali penye mlinzi, akaenda huko na kurudi kabla ya jua kuchwa. Ila asiyejua kuogelea na avae boya.

Wenyeji nao humthamini dereva kuliko adhaniavyo. Mwishoni mwa Februari 2019, mpaka wa Katuna, ulioko kusini mwa mji, ulifungwa kwa upande wa Rwanda kutokana na mvutano baina ya serikali hizo mbili. Malori ya Kigali yaliamriwa kupitia Kagitumba, yakawa yanaacha barabara pale Ntungamo na kuelekea Mirama Hills, wala hayakufika tena Kabale. Ukiziacha siku chache za mwezi Juni mwaka huo, hali ilikuwa hiyo mpaka tarehe 31 Januari 2022. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, mama aliyepikia madereva, kijana aliyeziba magurudumu na mwenye nyumba ya wageni waliitazama barabara bila kuyaona malori yale. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Kabale waliijua vema methali hiyo siku mgeni alipokosekana.

Lakini mgeni pia anao wajibu wake. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulienea kwa kasi katika miji iliyo kando ya barabara kuu za malori, na nyumba nyingi zikabaki na yatima. Upweke wa safari na fedha mfukoni ndivyo vilivyowaponza wengi. Dereva atumiaye saa zake za mapumziko kwa kuuzuru mji, kuzungumza na wenyeji kwa heshima, kumpigia mkewe simu na kulala mapema, hurudi barabarani akiwa na macho maangavu, na hurudi nyumbani akiwa mzima. Askari na polisi wanaohamishwa kutoka kituo hadi kituo wamo katika hali hiyo hiyo. Mji wa ugenini humtendea mtu kama anavyoutendea yeye.

Naye mke aliyebaki nyumbani asione kwamba mapumziko hayo ni saa zilizopotea. Mume aliyelala usiku mmoja Kabale ni salama zaidi kwenye makona ya milima kuliko yule aendeshaye usiku kucha ili awahi kwa nusu siku. Tena safari ya kurudi ina faida yake. Gunia la viazi lililonunuliwa karibu na shamba hukaa vema nyuma ya kiti cha utingo, na jikoni hutosha kwa siku nyingi. Watoto watakapouliza vimetoka wapi, baba atakuwa na mengi ya kuwasimulia juu ya baridi, vilima vya ngazi, na ziwa la ndege wadogo.