Hata sisi tunayo ya chini ya ardhi!

Juzi nipo kijiweni hapa stendi ya Chala, jamaa mmoja katoka Bongo na maneno mengi. Eti kapanda ile treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma iliyoanza 2024, na kule Kilosa ikaingia ndani ya mlima, giza tupu. "Nyie washamba, treni ya chini ya ardhi mtaiona lini?" Kijiwe kimya.

Nikamwambia, bwana mdogo, tulia. London wanayo tangu 1863, Paddington hadi Farringdon, tena kwa injini ya mvuke, moshi wote humohumo handakini! Na sisi tunayo yetu, ya Mpanda.

Wakanicheka. Ngoja niwape mkanda. Reli ya kati ilifika Kigoma 1914, sisi Wafipa ikatuacha huku juu tunakata mguu. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilometa kama 210, lilifika 1950. Unadhani walitufuata sisi na mahindi yetu? Thubutu! Mkoloni alifuata risasi, ile madini, iliyokuwa chini ya ardhi. Sasa hiyo si reli ya chini ya ardhi? Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki, ndipo ikawa ya watu.

Mmojawapo mimi. Nilipochaguliwa sekondari Tabora, mama aliuza maharage yote, hata ya mbegu. Nikadandia lori la mahindi, Kizi, mbuga ya Katavi, mpaka Mpanda. Daraja la tatu, kubanana kama dagaa. Tukapita Katumba kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972, halafu msitu, msitu, msitu. Mto Ugalla tulivuka usiku, hata sikuuona. Nilikumbatia sanduku la bati nalia kimyakimya, mama mmoja nisiyemjua akanipa muhogo. Kwa hiyo ukiidharau reli ile mbele yangu, tutagombana.

Jamaa akapoa. Akauliza, na hiyo ya kisasa je? Nikamwambia kwenye mipango limo tawi la Kaliua, Mpanda hadi Karema, ziwani.

"Chala itapita?"

"Haipiti."

Kijiwe kikacheka tena, ila safari hii hata mimi. Lami tunayo, mabasi yapo. Mama yangu lakini, kila nikimwaga, anaulizia kwanza nauli ya treni.