Ushuru wa Uchakavu Wanaujua, Gari Bovu Hawalijui

Vijana, leo tuongee kuhusu magari. Usiseme hayakuhusu kwa sababu huna gari. Unapanda ya mwenzako kila siku, na wengine mnaendesha gari za watu mjini mkitafuta hesabu ya bosi. Likiwaka moto, wewe ndiye uliye ndani.

Tuanzie Afrika Kusini. Januari 2017 kampuni ya Ford ilitangaza kuyaita magari 4,556 aina ya Kuga, injini ya lita 1.6, yarudi kutengenezwa bure. Tatizo lilikuwa kwenye upoozaji. Maji hayazunguki inavyotakiwa, injini inachemsha, silinda hedi inapasuka, oili inavuja juu ya vyuma vya moto, gari linalipuka moto. Hadi siku ya tangazo, Kuga zaidi ya 30 zilikuwa zimeshaungua.

Mnadhani kampuni iliona huruma? Thubutu! Wenye magari walirusha picha mtandaoni, wakatafutana, wakaungana. Familia ya mtu aliyefia ndani ya Kuga iliyowaka Desemba 2015 ilikataa kunyamaza. Tume ya taifa ya kulinda walaji ikaikalia kampuni kooni, na baadaye Ford ikakubali kulipa randi milioni 35. Yaani wananchi walipiga kelele, na chombo chao cha serikali kikasimama upande wao.

Sasa rudi Bongo. Sisi tunanunua mitumba ya Japan. Mwenye gari wa kwanza yuko Nagoya au Osaka, na barua ya kuliita gari inatumwa kwake, haiji Mbagala. Mfano upo: mifuko ya hewa ya Takata, ile inayofumuka kwenye usukani ukigonga. Imerusha vipande vya chuma na kuua watu, Marekani peke yake zaidi ya 20. Toyota, Honda na Nissan zote zimo, na Vitz za miaka ya 2000 zimo. Kinachoharibu baruti yake ni joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Mnaijua hali ya hewa ya Dar, au niendelee?

Tangu Mei 2018, Japan inayakatalia kwenye ukaguzi magari yenye mifuko hatari ya Takata ambayo haijabadilishwa. Swali letu ni dogo tu: gari lililokataliwa kule, nani analizuia lisishuke bandarini kwetu?

Gari likizidi miaka 8, TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu. Umri wanaujua! Trafiki anakupiga faini kwa mtungi wa kuzimia moto uliopita muda. Lakini hivi, kuna aliyewahi kukabidhiwa karatasi ya serikali inayosema gari lako liliitwa na kiwanda, na likatengenezwa au halikutengenezwa? Mwenye nayo ailete hapa tuione.

Na wasituambie hakuna fedha. Viwanda vya Japan vimeweka mtandaoni ukurasa wa kuangalia, bure, kwa namba ya chesisi. Namba hiyo hiyo serikali inayo, maana ndiyo wanayoitumia kukukadiria kodi. Kinachokosekana ni mtu mwenye cheo wa kujali.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja, TBS wakague kila namba ya chesisi kwenye orodha za viwanda kabla gari halijatoka bandarini, na majibu yaandikwe kwenye cheti. Mbili, FCC, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji, itoe orodha ya magari yaliyoitwa, kwa Kiswahili. Tatu, muuzaji aliyeingiza gari bovu alitengeneze kwa gharama yake, asimtupie mnunuzi.

Wakati tunasubiri, fanya hivi. Chukua namba ya chesisi ya gari la nyumbani au la bosi, iangalie kwenye tovuti ya kiwanda. Ukikuta liliitwa, mwambie mwenye gari leo hii, kisha muulize mbunge wako hadharani: je, bungeni alishawahi kulisema hili hata mara moja? Jibu lake mlete hapa.